Wimbo wa Mlangoni

Nina grupu la WhatsApp lenye watu mia mbili na kumi na wanne, na kazi yake ni moja. Nikisikia wimbo mpya nikaupenda, nautuma. Hakuna salamu za asubuhi, hakuna matangazo ya viwanja, hakuna dua za kusambaza kwa watu kumi. Anayetuma picha ya maua namtoa. Humo wamo wauguzi, walimu wa Chidya, waendesha bajaji wa Mkomaindo ninakoishi, wakulima wa korosho wa Masasi na Newala, na mchungaji mmoja wa Lulindi ambaye alikuwa hajawahi kuandika neno. Nilijua anasikiliza, kwa sababu mwaka jana nilipokaa wiki mbili bila kutuma kitu alinipigia kuuliza kama naumwa.

Grupu linaitwa Mpya za Mama Furaha. Furaha ni binti yangu, yuko kidato cha tatu, na anasema mama za wenzake hutuma mapishi.

Kila wimbo nauandikia mstari mmoja. "Gitaa zuri, maneno ya kijinga." "Mwanzo mrefu, vumilieni." "Huyu kijana msikilizeni sasa, kabla hajapata hela." Watu hubisha, na ubishi ndio utamu wenyewe. Lakini nikituma, wanasikiliza. Kwa miaka sita sijawatumia takataka, ukiondoa kwaya moja ya Desemba, na hiyo nilikiri.

Kazi inayonilisha ni nyingine. Nina stashahada ya kilimo, na niko kwenye mradi wa korosho wenye mashamba darasa kumi na moja, saba upande wa Masasi na manne juu Newala. Mwezi wa sita na wa saba ni miezi ya salfa, ule unga wa njano wa kupulizia mikorosho. Ugonjwa wa ubwiri unga ukiingia kwenye maua na dawa haikupulizwa kwa wakati, mkulima atavuna majani. Kwa hiyo miezi hiyo naamka alfajiri, napanda pikipiki nyuma ya Silvano, fundi wetu wa mashine za kupulizia, na tunazunguka. Silvano ni Mmakonde wa Newala, ana miaka hamsini na kitu, na hapendi haraka. Mimi ni Mbena wa Njombe. Nimeishi huku miaka kumi na minne, na Chimakonde changu kinaishia kwenye salamu na kukataa pombe.

Alhamisi moja ya mwezi wa sita tulikuwa kwenye shamba la nne, kijiji cha ukingoni, pale uwanda unapokatika na chini kabisa unaona bonde la Ruvuma limefunikwa na ukungu. Silvano alizima mashine aongeze mafuta. Mashine ile ikinguruma, mtu akikutukana unamwitikia "asante". Ikizimwa, masikio yanabaki wazi, yanapokea chochote.

Nyuma ya safu ya mwisho ya mikorosho kulikuwa na nyumba, na uani wanawake watatu walikuwa wanamenya mihogo. Mmoja alikuwa anaimba, wawili wanaitikia.

Sauti ya yule wa kwanza ilikuwa nzito, imekwaruza kidogo, sauti ya mtu aliyekwisha kupita umri wa kutaka kusifiwa. Ilianza chini, ikapanda, na pale nilipotegemea itulie, ikakatwa. Wale wawili waliipokea katikati ya neno. Siyo mwisho wa neno, katikati. Nilikuwa sijawahi kusikia watu wakifanya hivyo. Nywele za mikono zilisimama, na haikuwa baridi ya Newala.

Nikatoa simu, nikabonyeza kurekodi, nikaishika mbele yangu karibu na tawi. Sikujificha. Mwimbaji aliinua macho, akaniona, akanipungia kisu. Nikampungia. Akaendelea kuimba. Kwangu mimi hiyo ilikuwa ruhusa.

Walipomaliza nilisogea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mama salfa."

"Mnaimba vizuri."

"Tunamenya mihogo tu," alisema, na wenzake wakacheka.

Silvano akawasha mashine, na mazungumzo yakaishia hapo.

Rekodi ilikuwa na dakika tatu na sekunde arobaini na moja. Kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimeituma, na mstari wake: "Hakuna gitaa, hakuna kinanda, hakuna studio. Msiongee kwanza."

Hawakuongea. Kwa robo saa nzima hakuna aliyeandika kitu. Kisha wakaanza wote kwa pamoja. Jumamosi niliusikia kwenye bajaji mbili Mkomaindo. Jumapili muuza chipsi aliniuliza kama ninao, mimi. Mwalimu mmoja wa Chidya aliandika kwamba ameusikiliza mara tisa na hajui Chimakonde hata chembe. Watu walitaka kujua anayeimba ni nani. Nikaandika: "Mama mmoja wa Newala."

Katika yote niliyoyafanya wiki ile, mstari huo ndio unaonitia aibu zaidi.

Jumatano Silvano alikuja kunichukua saa kumi na moja na nusu alfajiri kama kawaida, lakini hakunipa kofia ya pikipiki. Alikaa nayo mapajani.

"Mama Furaha, ule wimbo ni wewe?"

"Upi?"

"Usiniulize upi."

"Ni mimi. Kwani si mzuri?"

"Mzuri. Ndiyo balaa lenyewe."

Akanieleza taratibu, kama anavyoeleza hitilafu ya mashine. Yule mama anaitwa Theodora, watu humwita Mama Alfredi. Miaka ishirini na zaidi ametunga nyimbo za mabinti wanaotoka unyagoni. Ukiwa na mwali ndani, unamwendea, anakutungia wimbo wa binti yako peke yake, wenye jina lake na jina la bibi yake. Mwali anausikia mara ya kwanza siku ya kutoka, akiwa amesimama mlangoni. Hata mama yake mzazi hausikii kabla ya siku hiyo.

"Na huu ulikuwa wa nani?"

"Wa Kibibi, binti wa yule mama mwenye nyumba ya bati jekundu karibu na ghala. Anatoka Jumamosi."

"Jumamosi hii?"

"Jana bodaboda kapita pale na spika. Mwali yuko ndani, kasikia jina lake linaimbwa barabarani. Somo wake, yule anayemlea ndani, anasema walipofika kwenye kiitikio mtoto akaanza kuitikia."

Silvano akaendelea.

"Mama Kibibi anasema Mama Alfredi kauza wimbo mara mbili. Kampelekea habari Mrisho aje."

Mrisho nilimjua. Ana kinanda na spika nne, anapiga kwenye harusi na ufunguzi wa maghala. Hana anachotunga, anaingiza jina la mwenye shughuli mahali palipoachwa wazi.

"Na Mama Alfredi?"

"Mama Furaha, nani atampa wimbo wa binti yake mtu ambaye nyimbo zake zinavuja? Akifungiwa mlango mmoja, na mingine imefungwa."

Mimi si mtu wa kukaa na tatizo likapoa. Palepale nilifungua simu. Muda wa kufuta kwa wote ulikuwa umepita siku nyingi. Nikaandika kwenye grupu: "Wimbo wa Alhamisi iliyopita ufuteni. Ulitumwa kwa makosa." Ndani ya saa moja watu thelathini na mmoja walikuwa wameomba nitume tena kwa sababu hawakuwahi kuusikiliza, na mchungaji wa Lulindi aliandika kwa mara ya kwanza tangu ajiunge: "Kwa nini?"

Newala mjini tulisimama stendi, kwa Nehemia, ambaye ana kibanda cha kurushia watu nyimbo kwenye memori kadi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kuna wimbo nataka uufute."

"Upi? Mwali Newala Mpya?"

Alikuwa ameshaupa jina.

"Huohuo."

"Mama, nikifuta wangu, wa wenzangu je? Wewe ni mtu wa dawa. Salfa ikishatoka kwenye bomba, unairudisha?"

Hata hivyo aliufuta mbele yangu, kwa heshima. Wakati anaufuta, bajaji iliyoegeshwa nyuma yake ilikuwa inaupiga, na imefika ubeti wa tatu.

Theodora tulimkuta uani, peke yake, anageuza makopa ya mihogo juani. Hakuniita mama salfa. Alinionyesha mkeka, nikakaa, Silvano akabaki kwenye pikipiki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Ule wimbo nimeusambaza mimi. Nilirekodi siku ile tukiwa hapa shambani."

Aliacha kugeuza makopa.

"Lini? Mimi nilikuona unapiga picha majani."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mimi na wenzangu wote wa korosho, kila tunapofika shambani, tunashika simu mbele ya tawi. Tunapiga picha ubwiri, tunapiga picha mbu wa mikorosho, tunapiga picha maua. Kijiji kizima kimetuzoea. Mwanamke mwingine yeyote angetoa simu pale uani, Theodora angenyamaza. Mimi alinipungia kisu.

"Nilidhani umeniruhusu," nilisema.

"Nilidhani unatibu mikorosho."

Hakupandisha sauti, na hilo lilinisumbua zaidi kuliko matusi. Niliomba msamaha mara moja, nikaacha, maana ukirudia rudia unamfanya uliyemkosea akubembeleze.

"Unao hapo?" aliuliza.

"Upo. Nataka kuufuta mbele yako."

"Usifute kwanza. Nisikie."

Nikauweka. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kipande cha kopa mkononi. Miaka ishirini na zaidi ya kuimba, na ilikuwa mara yake ya kwanza kujisikia kutoka nje. Kwenye ubeti wa pili alikunja uso.

"Hapo nimechelewa."

Ubeti wa tatu ulipofika alilitupa kopa chini.

"Na huu mbovu. Nilijua mbovu. Nilikuwa nimechoka nikauacha hivyohivyo." Akanirudishia simu. "Sasa futa."

Nikafuta.

"Nenda kwa Mama Kibibi," alisema. "Nikienda mimi nitaonekana najitetea. Mdomo uliotoa ndio ukaseme. Mwambie nampa mwingine Jumamosi."

"Kwa siku tatu?"

"Wewe kaseme. Kutunga niachie mimi."

Kwa Mama Kibibi wanawake saba walikuwa kwenye ukumbi wa mbele wanachambua mchele wa shughuli. Mlango wa chumba cha ndani ulikuwa umefungwa, na kila mtu alijua nani yuko nyuma yake. Mama Kibibi ni mwanamke mfupi, mwepesi wa ulimi kama mimi. Silvano alitangulia kuingia akamtaja aliyefanya, kwa hiyo sikuhitaji kujitambulisha.

"Karibu, redio," alisema.

Wakacheka. Nikasubiri wamalize.

"Nimekuja kusema Mama Alfredi hakuuza kitu. Nilirekodi bila kumwambia, nikasambaza bila kumwuliza. Yeye alidhani napiga picha majani ya mikorosho."

"Na wewe ulidhani nini?"

"Nilidhani ni wimbo wa kumenyea mihogo."

"Una binti?"

"Ninaye."

"Siku ya kipaimara chake, mimi nije wiki moja kabla, nichukue gauni lake, nizunguke nalo Masasi nzima nikiwavalisha watu, kisha nikurudishie. Utamvalisha?"

"Sitamvalisha."

"Haya." Akachambua kiganja kimoja cha mchele, akatupa kijiwe. "Wewe angalau hukunizungushia maneno."

Nikampa ujumbe wa Theodora. Wanawake wakatazamana. Mmoja akasema Mrisho amekwisha kukubaliwa, haondolewi. Mwingine akasema Mrisho anaweza kupiga baada ya chakula. Walibishana kwa Chimakonde, sikujua nani anashinda. Mwisho Mama Kibibi akarudi kwenye Kiswahili ili nisikie.

"Mrisho atakuja, na spika zake atafunga. Mama Alfredi akija na wimbo ambao hakuna aliyeusikia, ataimba mlangoni. Akija na ule wa bajaji, au akija na neno moja la kukwama, Mrisho anawasha. Na wewe uwepo. Simama mbele, mikono mitupu, watu wamwone aliyefanya."

"Nitakuwepo."

"Mikono mitupu," alirudia.

Niliporudi na majibu Theodora alikuwa na tatizo jipya. Kati ya waitikiaji wake wawili, Brigita alikuwa amesusa, kwa sababu kijijini walianza kusema yeye ndiye aliyetoa wimbo. Alibaki Mabel, mwanamke mkimya mwenye mabega mapana. Mwitikiaji mmoja hatoshi.

"Wewe una sauti?" Theodora aliniuliza.

"Ninayo ya kanisani."

"Tutaivumilia."

Kulikuwa na jambo la pili, na hilo nililitatua mimi. Nyumba za pale zimekaribiana, na kijiji kizima sasa kilikuwa kimetega sikio kujua Theodora anatunga nini. Akiimba uani, kabla ya jioni watoto wanao. Nikamwita Silvano.

"Safu zilizobaki hapa ni ngapi?"

"Nne. Kesho asubuhi zinaisha."

"Zifanye ziishe Ijumaa."

Alinielewa mara moja, na ni mara pekee nimemwona akicheka na meno yote. Alhamisi na Ijumaa, alfajiri majani yakiwa bado na umande, Silvano alipita na mashine yake safu kwa safu, na sisi wanawake watatu tulisimama hatua ishirini nyuma yake, vichwa vimegusana, tunaimba ndani ya ngurumo. Tulikuwa tunasikiana sisi tu. Mtu akipita njiani anamwona mama salfa anawaelekeza wakulima. Tulitoka na nyusi za njano. Mikorosho kumi na miwili ilipata dawa mara mbili, na kwenye ripoti ya mradi nimeandika hivyohivyo, bila kueleza sababu.

Kabla ya kuanza, kila siku, Theodora alinyoosha mkono.

"Simu."

"Nimezima."

"Sikukuuliza kama umezima."

Aliitia kwenye pipa la makopa na kufunika.

Wimbo sikuujua. Nilipewa viitikio tu, kwa masikio, bila maana, na kazi yangu ilikuwa kuingia pale Mabel anapoingia. Nilishindwa. Kila mara nilikuwa nyuma yao kwa nukta.

"Unangoja nimalize," Theodora alinipigia kelele sikioni.

"Si ndiyo kuitikia?"

"Ukingoja nimalize unanijibu. Usinijibu. Nipokee. Mwenzako akishusha ndoo kichwani, unangoja ifike chini?"

Ijumaa niliweza mara tatu katika kumi. Mabel alisema wengine huchukua mwaka. Theodora alisema hatuna mwaka.

Jumamosi uwanja wa Mama Kibibi ulijaa kabla ya saa nne. Tulisimama mbele ya mlango, Theodora katikati, mimi na Mabel pembeni, mikono yangu mitupu kama nilivyoagizwa. Nilisikia watu wanaulizana kwa Chimakonde na neno "redio" likipita. Mrisho alikuwa amefunga spika zake chini ya turubai. Mlangoni kulikuwa na kitenge kimetundikwa kama pazia.

Hajaanza mtu, Mrisho akagusa kinanda.

Sidhani alikuwa na nia mbaya. Aliona umati, akataka kuuchangamsha, na alijua wimbo mmoja ambao kila mtu pale alikuwa nao kwenye simu. Akaupiga. Vijana wakaudaka, akina mama wakafuata, na kwa kufumba na kufumbua uwanja mzima ulikuwa unaimba ule wimbo wa Kibibi, wa bajaji, wa Nehemia, wa kwangu. Waliujua wote. Hata kiitikio cha katikati ya neno walikipata, vizuri kuliko mimi.

Kitenge cha mlangoni kilitikisika kidogo, kikatulia.

Nilimtazama Mama Kibibi. Alikuwa ananitazama mimi. Nilimtazama Theodora, nikitegemea aondoke, na nisingemlaumu. Alisimama ameshika mikono yake tumboni na kusikiliza, kama alivyosikiliza kwenye simu yangu. Ubeti wa tatu ulipofika aliutikisia kichwa. Mbovu.

Akawaacha wakaimba hadi mwisho. Mrisho alipoondoa vidole, na watu wakaanza kupiga makofi, Theodora alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida:

"Mmemaliza? Ahsanteni. Huo ulikuwa wa kufagilia uwanja."

Walicheka hadi wazee. Mrisho mwenyewe alicheka, akazima spika, nikasikia mlio wa swichi. Kicheko kilipokatika hakikufuatiwa na maneno, na ndani ya ukimya huo ndipo alipoanza.

Alianza chini kuliko siku ile ya mihogo. Sijui niseme nini zaidi. Kwa kawaida wimbo mpya nauandikia mstari mmoja, na wa ule sikuwa nao. Nilikuwa nimeusikia siku mbili ndani ya kelele za mashine, na kumbe nilikuwa sijausikia. Mabel aliingia. Mimi nikaingia nyuma yake. Mwanamke mmoja mzee alinifinya mkono, nikaingia mapema zaidi mara iliyofuata.

Kwenye ubeti wa pili watu walipasuka kwa kicheko na wote wakanigeukia. Sikujua kwa nini. Niliendelea kuitikia.

Kitenge kikasogezwa. Kibibi alitoka ameinama, kichwa kimefunikwa khanga mpya, somo wake amemshika kiwiko. Alifika kizingitini akasimama, hakutembea. Wimbo ulikuwa unaendelea na yeye amesimama tu, kichwa kimeelekea upande wa Theodora, kama mtu anayehesabu. Nilidhani kuna kilichoharibika. Baadaye Silvano aliniambia ndivyo inavyotakiwa. Mwali akishaujua wimbo, anapita mlangoni kama anakwenda kisimani. Asipoujua, husimama ausikie.

Alisimama beti mbili nzima. Kisha akavuka kizingiti, na vigelegele vikafunika sauti zetu, na kule kuchelewa kwangu hakukuwa na maana tena.

Alipokalishwa kwenye mkeka simu zikatoka, mamia. Mama Kibibi hakumkataza mtu. Theodora aliuimba mara ya pili kwa ajili yao. Alipomaliza akanigeukia.

"Wewe hurekodi?"

"Simu iko kwenye pipa lako."

"Eeh," alisema, akaenda kula.

Mabel ndiye aliyenipa maana, tukiwa tunanawa mikono. Wimbo ulikuwa unasema: Kibibi, jina lako limetangulia kutoka. Limeteremka Masasi, limepanda bajaji, limelala kwa watu usiowajua. Leo mwenyewe umelifuata. Lichukue, ni lako, limeshajua njia.

"Na ubeti wa pili?"

Mabel alikausha mikono kwenye khanga yake, polepole.

"Kuna mwanamke wa salfa," alisema. "Anapiga picha majani."

Jumatatu wimbo ulikuwa kwa Nehemia. Kwenye grupu langu aliyeutuma wa kwanza ni Jonathan, mwendesha bajaji wa Mkomaindo, bila kuniomba ruhusa, na aliuandikia: "Mpya! Mama mmoja wa Newala." Nikaandika chini yake: "Anaitwa Theodora, Mama Alfredi. Ubeti wa pili ni mimi. Anayetaka wimbo wa binti yake akabishe hodi kwake, asinipigie mimi." Mchungaji wa Lulindi akaweka dole gumba.

Walikwenda. Hadi mwezi wa saba unakwisha akina mama watano walikuwa wamempa kazi ya nyimbo za mabinti watakaotoka Desemba, mmoja kutoka Masasi kabisa. Wa kwanza aliletwa na Mama Kibibi mwenyewe, kwa mkono. Brigita alirudi, na mimi niliondolewa kwenye uitikiaji bila sherehe. Siku hizi nikifika shamba la nne naacha simu kwa Silvano kabla ya kuvuka safu ya mwisho. Picha za majani anapiga yeye, nazo zinatoka vibaya.

Furaha alikuwa Njombe kwa bibi yake kwa likizo. Aliusikia wimbo huko, sijui kwa njia gani, akanipigia.

"Mama, ule wimbo ni hatari. Lakini kuna sauti moja nyuma inachelewa kila mahali."

"Ni mimi."

"Wewe? Mama! Sasa si umeuharibu?"

"Najua," nilimwambia. "Iache hiyo. Sikiliza ya mbele."